Tope la kuchimbua bandarini: namna ya kuligeuza kifusi cha ujenzi

Tope linapotolewa chini ya bahari, mto au bwawa, sehemu kubwa ya kinachopakiwa kwenye lori ni maji. Chukua mita za ujazo 1,000 za tope laini la mfinyanzi, lililochotwa kwa kijiko bila kuongezewa maji, lenye uzito wa tani 1.4 kwa mita ya ujazo na unyevu wa asilimia 120, yaani kilo 120 za maji kwa kila kilo 100 za udongo mkavu. Jumla ni tani 1,400. Gawanya kwa 2.2 upate udongo mkavu: tani 636. Tani 764 zilizobaki ni maji. Udongo huo haushindiliki mpaka unyevu ushuke hadi kama asilimia 25, yaani ubaki na tani 159 tu za maji. Kwa hiyo zipo tani 605 za maji za kuondoa kabla greda halijaingia kazini. Ukishaushindilia hadi uzito mkavu wa tani 1.55 kwa mita ya ujazo, zile mita 1,000 zimebaki 410.

Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kuandika bei. Mradi wa aina hii hukwama mapema pale mtu anapohesabu mita moja ya tope kuwa sawa na mita moja ya kifusi (udongo wa kujazia) cha machimboni. Tope likichimbuliwa kwa pampu badala ya kijiko, hali huwa nzito zaidi: kinachopita kwenye bomba huwa na mango (chembe ngumu za udongo) asilimia 10 hadi 20 tu kwa uzito, kingine chote ni maji yaliyoongezwa ili tope lisukumike. Chembe laini zikishavurugwa hivyo huchukua miezi mingi kurudi kwenye ujazo zilizokuwa nao zikiwa zimetulia chini. Ikiwa una kauli katika uchaguzi wa mtambo, na lengo ni kifusi, omba kijiko au ndoo ya makucha kwa tope laini, na pampu iwe ya mchanga.

Jua ulichonacho

Sampuli ya kuchota juu kwa ndoo haitoshi. Tabaka la juu ndilo jipya, laini na mara nyingi ndilo chafu; chini yake kunaweza kuwa na mchanga safi wa zamani unaofaa moja kwa moja. Tumia bomba la kutetemeshwa linaloshuka hadi kina chote kitakachochimbwa na nusu mita zaidi, kwa sababu mtambo hauishii kwenye mstari uliochorwa. Likitoka, lipasue kwa urefu, lipige picha, kisha chukua sampuli kwa kila tabaka peke yake. Ukichanganya tabaka zote kwenye mfuko mmoja utapata wastani usiowakilisha tabaka lolote, na wastani huo huficha sentimita 40 chafu ndani ya mita tatu safi. Ongeza vituo karibu na gati la mafuta, chelezo cha kutengenezea meli na midomo ya mitaro ya mji.

Vipimo vya kuanzia ni hivi:

- Unyevu wa asili, kwenye tanuri la nyuzi 105 kwa saa 24. Tope lenye mboji nyingi likaushwe kwa nyuzi 60, la sivyo mboji yenyewe huungua na kuhesabiwa kama maji.
- Mchekecho, hasa kiasi kinachopita kwenye mikroni 63. Chembe kubwa kuliko hapo ni mchanga, na ndogo ndizo zitakazokusumbua.
- Kikomo cha umajimaji (unyevu ambao udongo huanza kutiririka) na kikomo cha unyumbufu (unyevu ambao chini yake udongo haufinyangiki tena, hukatika). Unyevu wa asili ukizidi kikomo cha umajimaji, tope litatiririka likiguswa.
- Mboji, kwa kuchoma sampuli kavu kwenye nyuzi 440. Joto kubwa zaidi huanza kutoa maji yaliyofungwa ndani ya mfinyanzi wenyewe, na utaandika mboji ambayo haipo.
- pH, kloridi, salfeti inayoyeyuka, na salfidi.
- Metali nzito (risasi, zebaki, kadimi, shaba, zinki, nikeli, kromu, aseniki), mafuta ya petroli, na penye meli nyingi, misombo ya bati iliyotumika zamani kwenye rangi za chini ya meli.

Kwa tope la baharini kuna kosa la mizani linalopita kimyakimya. Maji ya bahari yana gramu kama 35 za chumvi kwa kilo. Tanuri linapokausha sampuli, maji huondoka na chumvi hubaki, ikahesabiwa kama udongo. Kwa tope la mfano wetu, chumvi hiyo ni karibu tani 27 ndani ya zile tani 764 za maji. Uzito mkavu wa maabara lazima upunguzwe chumvi kabla ya kuingizwa kwenye hesabu za ushindiliaji, hasa pale ambapo maji yatachujwa na kuondoka na chumvi yake.

Kuhusu mboji, kipimo tunachokitumia ni hiki: chini ya asilimia 5, endelea na mipango ya kifusi cha kubeba uzito, kati ya 5 na 10, tarajia saruji nyingi zaidi na udidimiaji wa muda mrefu, kwa hiyo peleka kwenye tuta la bustani au kizuizi cha kelele, zaidi ya hapo, usiweke chini ya kitu chochote kitakachopasuka.

Yanayosimamisha kazi

Uchafu wa kemikali hauondoki kwa kukausha. Viwango vinavyoruhusiwa viko kwenye sheria na kibali cha mahali ulipo, na hutofautiana kwa matumizi: kilichokubaliwa chini ya lami kinaweza kukataliwa chini ya uwanja wa kuchezea watoto. Usiishie kwenye jumla ya metali iliyomo. Pima pia kinachovuja, kwa kuloweka sehemu moja ya udongo kwenye sehemu kumi za maji kwa saa 24 na kupima maji hayo. Na kama unapanga kutumia chokaa au saruji, rudia kipimo cha uvujaji kwenye mchanganyiko wenyewe. Risasi na zinki huyeyuka tena pH ikipanda sana, na shaba iliyoshikana na mboji huachiliwa vivyo hivyo. Tope lililofaulu likiwa ghafi linaweza kufeli baada ya kutiwa dawa.

Kibali chenyewe kianze mapema. Mkataba wa London wa 1972 na Itifaki yake ya 1996, unaosimamia utupaji wa taka baharini, unamtaka anayeomba kutupa tope aonyeshe kwanza kama linaweza kutumika kwa namna nyingine. Kwa hiyo mwenye bandari naye ana sababu ya kukusikiliza, na mara nyingi gharama ya kutupa atakayoiokoa ndiyo inayolipia ukaushaji.

Tope jeusi linalonuka mayai viza lina salfidi za chuma. Likiwa chini ya maji halina tatizo. Likipata hewa, salfidi hugeuka asidi ya salfuriki. Baada ya wiki kadhaa utaona madoa ya manjano hafifu kwenye nyufa, pH imeshuka chini ya 4, na maji ya mtaro yana rangi ya kutu. Zege huliwa, mabomba hutoboka, samaki wa mfereji wa jirani hufa. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, na kiasi hupigwa kwa hesabu: kila asilimia 1 ya salfa ya salfidi ni kilo 10 kwa tani ya udongo mkavu, nayo huhitaji kilo 31 za kalsiamu kaboneti safi kuizima. Zidisha kwa 1.5, kwa sababu kuchanganya shambani hakufikii kuchanganya kwenye bakuli, upate kilo 47 kwa tani. Magamba ya kombe yaliyomo kwenye tope huonekana kama kinga ya bure, lakini yakiwa mazima huyeyuka polepole mno kusaidia. Changanya chokaa hiyo wakati tope bado linyevu, usisubiri manjano yatokee.

Toa mchanga kwanza

Ikiwa zaidi ya theluthi ya mango ni mchanga, kuutenga karibu siku zote hulipa. Chekecha takataka, kamba, mawe na vyuma kwenye wavu, kisha pitisha tope jepesi kwenye saiklone ya maji, yaani koni inayozungusha tope kwa kasi na kutenga chembe kwa ukubwa, inayokata kwenye mikroni 63. Mchanga hutoka chini, chembe laini hutoka juu na maji. Mchanga uliooshwa hivyo unashindilika siku hiyo hiyo, na uchafu mwingi hubaki umeshikana na chembe laini, kwa hiyo rundo la kushughulikia linapungua. Bandari ya Hamburg imekuwa na mtambo mkubwa wa kutenganisha kwa njia hii, uitwao METHA, tangu 1993.

Makosa ya saiklone yako kwenye mdomo wake wa chini. Mchanga ukitoka kama kamba nzito, mdomo ni mdogo na mchanga unaanza kukimbilia juu. Ukitoka kama mwavuli mpana wa maji, ni mkubwa na unabeba tope laini. Mnyunyizo mwembamba wa pembe ndogo ndio unaotakiwa. Kagua kila saa, kwa sababu mchanga wenyewe unaula mdomo huo.

Kukausha

Hapa ndipo muda na fedha huenda. Njia ya bei nafuu ni mabwawa ya kukaushia, na kosa la kawaida ni kujaza bwawa kwa kina kikubwa. Rudi kwenye mfano: tope lenye unene wa mita 1 lazima litoe milimita 605 za maji. Maji ya wazi kwenye jua kali hupotea milimita 5 hadi 6 kwa siku, lakini tope likishashika gamba kavu juu, uvukizi hushuka chini ya nusu. Chukua milimita 3 kwa siku: siku 200 bila tone la mvua. Tope hilo hilo likimwagwa kwa unene wa sentimita 35 linahitaji kutoa milimita 212, siku kama 70, na likigeuzwageuzwa muda huo unafupika. Kwa hiyo eneo ndilo linalokausha. Panga mabwawa matatu au manne ya kupokezana, moja likijazwa, jingine likikauka, jingine likizolewa.

Ukuta wa bwawa uwe na mteremko wa 1 kwa 2 au wa kulala zaidi, na ubaki angalau sentimita 60 juu ya maji ya juu kabisa. Chini weka sentimita 20 hadi 30 za mchanga na mabomba yenye matundu yaliyofungwa kwa kitambaa cha kuchujia, ili maji yashuke pia badala ya kupanda tu. Ikiwa maji ya chini ya ardhi ya eneo hilo ni matamu na tope ni la baharini, tandika kwanza karatasi ya plastiki nzito chini ya mchanga huo. Maji yaliyochujwa yana chumvi ya bahari nzima, na kisima kilichoingia chumvi hakirudi haraka.

Tope la bomba liingie upande mmoja, maji yatoke upande wa mbali kabisa kupitia kisanduku chenye mbao za kupanga. Wakati wa kujaza, acha maji ya sentimita 50 hivi yasimame juu ya tope ili chembe zipate muda wa kutua. Maji yanayotoka yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, ongeza ubao, na hilo lisipotosha punguza kasi ya pampu. Kujaza kukiisha, toa mbao moja moja kwa siku kadhaa. Ukizitoa zote kwa pamoja, tope lililo karibu na kisanduku litaondoka na maji.

Baada ya hapo usikimbilie kuingiza mashine. Gamba likifikia sentimita 5, chimba mtaro mdogo wa kuzunguka ukingo wa ndani, kina cha sentimita 20 au 30, ukielekea kwenye kisanduku. Nyufa zitafunguka kuelekea mtaro na kumwaga maji humo. Kila gamba linapozidi unene, ongeza kina cha mtaro. Siri ni kwamba mvua ikinyesha juu ya tope lenye nyufa zinazomwaga kwenye mtaro, maji hukimbia. Isipokuwa na mtaro, nyufa hujaa na tope hunywa tena kila kitu. Milimita 20 za mvua zilizosimama ni kazi ya wiki nzima iliyopotea.

Je, mashine inaingia lini? Pima nguvu ya udongo kwa kipimo cha vani cha mkononi (mabapa yanayochomekwa na kuzungushwa mpaka udongo ukatike), sentimita 30 chini ya gamba na si kwenye gamba lenyewe. Uwezo wa kubeba ni takriban mara tano ya nguvu hiyo. Ukisoma kilopaskali 10, udongo utavunjika kwenye 50 hivi. Ukiacha usalama wa mara mbili, unaruhusu mashine yenye mgandamizo wa 25, yaani tingatinga la minyororo mipana ya matopeni. Kijiko cha kawaida kisimame ukingoni. Likiingia, tingatinga livute tope kuwa matuta marefu ya nusu mita, na matuta yapinduliwe kila siku chache. Lililo chini lionekane juu. Kuparuza gamba tu kunatoa vumbi huku ndani kukibaki uji.

Mahali padogo, au penye mvua za mfululizo, mifuko mirefu ya jiotekstaili, yaani kitambaa imara kinachopitisha maji, ndiyo mbadala. Tope jepesi hupigwa ndani pamoja na dawa ya polima inayogandisha chembe, maji safi hutoka kwenye kitambaa na mango hubaki. Kipimo cha dawa hutafutwa kwenye mitungi ya lita moja: weka tope halisi la eneo kwa maji yake halisi, ongeza dawa kwa vipimo vinavyopanda, pindua mtungi mara kumi, tazama baada ya dakika tano. Kwa kawaida jibu huangukia kati ya kilo 0.5 na 3 kwa tani ya mango makavu. Dawa yenyewe iyeyushwe kwenye maji matamu hata kama tope ni la baharini, kwa sababu kwenye chumvi haifunguki vizuri. Kuzidisha hakusaidii: vipande hugeuka vya kuteleza kama kamasi na kuziba kitambaa.

Kitanda cha mfuko kiwe bapa kabisa kwa upana. Mteremko mdogo wa pembeni unatosha kuuviringisha mfuko wa tani mia kadhaa, na hakuna kigingi kitakachouzuia. Usipite kimo cha juu kilichoandikwa na mtengenezaji. Mshono ndio hupasuka kwanza. Jaza, acha ushuke, jaza tena, mara tatu au nne.

Tope likibaki pale pale lilipomwagwa, likiwa nene, na mpango ni kujenga juu yake bila kulizoa, kukausha kwa jua hakuna maana. Hapo tunazungumzia mikanda ya wima ya kunyonya maji na uzito wa kifusi juu yake. Tabaka la mita 4 linalotoa maji juu na chini, lenye kasi ya kukamuka ya mita 1 ya mraba kwa mwaka, huchukua miaka 3.4 kumaliza asilimia 90 ya udidimiaji. Mikanda ikipigwa kwa nafasi ya mita 1.2 kwa pembetatu, muda unashuka hadi kama mwaka mmoja, na zaidi kidogo kwa sababu sindano ya kupigia huvuruga udongo wa kando.

Chokaa na saruji

Watu huamini chokaa hukausha tope. Tazama hesabu. Weka asilimia 4 ya chokaa isiyozimwa kwenye zile tani 636: ni tani 25. Kila kilo ya chokaa hiyo hufunga kilo 0.32 za maji, jumla tani 8. Joto linalotoka, lote likitumika kuvukiza na lisipotee hata kidogo, huondoa tani 12 nyingine. Tani 20 kati ya 605. Kumwaga chokaa kwenye uji ni kununua ukaushaji kwa bei mbaya kuliko zote. Chokaa inafaa tope likishafika karibu, tuseme unyevu wa asilimia 35 au 40: hapo hubadili mfinyanzi wenyewe, hupandisha kikomo cha unyumbufu, na udongo uliokuwa unanata kwenye magurudumu hugeuka chenga ndani ya saa chache.

Kiasi cha kuanzia hupatikana kwa pH. Chukua gramu 25 za udongo mkavu uliopita kwenye wavu wa milimita 0.425, tia kiasi hicho kwenye kila moja ya chupa tano zenye mililita 100 za maji yaliyotoneshwa kila moja, ongeza chokaa asilimia 2, 3, 4, 5 na 6. Tikisa sekunde 30 kila dakika kumi kwa saa nzima, kisha pima. Kiwango kidogo kabisa kinachofika pH 12.4 ndicho cha kuanzia majaribio ya nguvu. Ikiwa hakuna chupa iliyofika, mboji inakula chokaa.

Kabla ya kuagiza malori ya chokaa, rudi kwenye kipimo cha salfeti. Chokaa, mfinyanzi, salfeti na maji huzaa fuwele zinazovimba na kuinua lami miezi kadhaa baadaye. Salfeti inayoyeyuka ikizidi sehemu 3,000 kwa milioni, ongeza maji na muda wa kulaza kabla ya kushindilia na upime uvimbe maabara. Ikizidi 8,000, achana na chokaa. Kumbuka pia kwamba salfidi iliyopata hewa huongeza salfeti, kwa hiyo pima tope lililokauka, si lile la siku ya kwanza.

Kwa saruji, andaa vipimo vya kilo 50, 75, 100 na 150 kwa mita ya ujazo ya tope lenye unyevu utakaokuwapo kweli. Tengeneza mitungi ya kipenyo cha milimita 50 na kimo cha 100, vunja mingine siku ya 7 na mingine ya 28, na nusu yake iloweke kwanza. Mtungi unaosimama vizuri ukiwa mkavu na kumomonyoka ukilowa unakuonyesha kitakachotokea kwenye tuta masika yakifika. Kwa kifusi cha kawaida lengo la kilopaskali 100 hadi 200 kwa siku 28 linatosha, lakini maabara ifike karibu mara mbili ya hapo, kwa sababu shambani hupata nusu hadi theluthi mbili ya nguvu ya maabara. Saruji yenye slagi ya tanuri la chuma hustahimili salfeti na maji ya bahari vizuri zaidi.

Saruji, tofauti na chokaa, inaweza kuingia kwenye tope lililo bado jimaji, mradi kifusi hakitashindiliwa bali kitaganda kama kilivyomwagwa. Ndivyo uwanja wa ndege wa Chubu Centrair huko Japani, uliofunguliwa 2005, ulivyotumia tope la mfinyanzi lililochimbuliwa bandari ya Nagoya: saruji iliingizwa ndani ya bomba na hewa ya kusukuma ikavichanganya njiani. Ni njia ya miradi mikubwa. Kwa mradi wa kawaida, ndoo ya kuchanganyia kwenye kijiko au mashine ya kulimia udongo itafanya kazi.

Tandaza chokaa siku isiyo na upepo, kwa mifuko iliyopangwa kwenye mistari au kwa lori la kutandazia, changanya hadi kina cha sentimita 25 au 30, funika kwa kupitisha rola mara moja, laza siku moja hadi tatu, kisha changanya tena. Madonge yote yapite wavu wa milimita 25, na angalau asilimia 60 yapite wa milimita 5. Ukivunja donge mkononi ukakuta kiini cha kijivu kisichoguswa na chokaa, changanya tena. Kwa saruji hakuna kulaza: kuanzia kuchanganya hadi pasi ya mwisho ya rola isizidi saa mbili. Wafanyakazi wavae miwani iliyofunga pembeni, glavu na mikono mirefu. Chokaa isiyozimwa ikiingia jichoni huchemka humo humo, kwa hiyo maji safi ya kuoshea yawe hatua chache, si ofisini.

Kuweka na kushindilia

Andaa kwanza kipande cha majaribio cha mita 10 kwa 30. Weka tabaka la sentimita 25 likiwa limelegea, pima msongamano baada ya pasi 4, 6 na 8, uone pale unapoacha kupanda. Rola ya meno ndiyo ya mfinyanzi. Ya kutetemesha yenye ngoma laini ni ya mchanga. Lengo la kawaida ni asilimia 95 ya kipimo cha Prokta (jaribio la maabara linaloonyesha msongamano wa juu wa udongo na unyevu bora wa kuufikia), unyevu ukiwa ndani ya asilimia 2 juu au chini ya ule bora. Prokta ifanyike upya kwa udongo uliotiwa chokaa: msongamano wake wa juu hushuka na unyevu bora hupanda. Ukitumia Prokta ya udongo ghafi utafelisha kazi nzuri.

Usiamini kifaa cha nyuklia cha kupimia msongamano na unyevu peke yake. Huhesabu hidrojeni na kuiita maji, na mboji ina hidrojeni, kwa hiyo kitasoma unyevu mwingi kuliko uliopo. Kloridi nayo humeza nyutroni na kukivutia upande wa pili. Kisahihishe kwa kipimo cha shimo la mchanga (shimo dogo linalojazwa mchanga ili kujua ujazo wake) na tanuri kwa kila aina ya udongo.

Udongo ukitikisika kama godoro nyuma ya rola, maji ni mengi. Kuongeza pasi kunazidisha ubaya; fungua tabaka, lime, liache jua. Ukipasuka vipande na kutoa vumbi, leta boza. Kila jioni uso uwe na mteremko wa asilimia 3 au 4 na ufungwe kwa rola laini. Tabaka lililoachwa na alama za meno ya rola usiku wa mvua hulazimika kuondolewa asubuhi.

Kifusi hiki kisiguse zege lenye nondo wala bomba la chuma. Acha nusu mita ya mchanga safi au kokoto pande zote, au paka lami na kutandika karatasi ya kuzuia maji. Tope lililokaushwa kwa jua limebakiza chumvi yake yote ndani. Utaiona kama unga mweupe juu ya tuta. Lililochujwa kwa mabomba au mifuko limepoteza sehemu kubwa. Maji ya mvua yanayotoka kwenye kifusi kipya chenye chokaa au saruji yanaweza kufika pH 12, yazuiliwe kwenye shimo na kupimwa kabla ya kuachiwa mtoni. Juu ya tuta weka sentimita 30 za udongo wa kupandia, la sivyo nyasi zitaungua mara mbili, kwa chumvi na kwa chokaa.

Sahani za kupimia udidimiaji ziwekwe chini ya tabaka la kwanza, si baada ya kumaliza, moja kila mita 30 au 40 na moja zaidi pale unene unapobadilika ghafla. Soma kila wiki wakati wa kujaza na kila mwezi baadaye, ukichora udidimiaji dhidi ya logi ya muda. Mchoro ukilala, jenga. Mchoro ukiendelea kushuka kwa mstari ulionyooka miezi sita baada ya kifusi cha mwisho, tatizo liko chini ya kifusi chako au ni mboji iliyomo ndani yake. Toboa shimo la uchunguzi kwenye sahani iliyoshuka zaidi kabla ya mtu yeyote kuagiza saruji ya msingi.